Majimbo Sita na Bastola Moja



Mara nyingi ndugu wa nyumbani huniuliza, "Je, ni kweli kwamba huko Marekani kila mtu huchukua bastola apendavyo?" Nimeona yafaa niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, kwa maana nikijibu "ndiyo" nasema uwongo, na nikijibu "hapana" nasema uwongo vilevile. Marekani ni muungano wa majimbo 50. Kila jimbo lina bunge lake, mahakama zake, na sheria zake za silaha. Jambo lililo halali asubuhi ukiwa upande huu wa mto, laweza kukutia kifungoni kabla ya saa sita ukiwa ng'ambo, nawe u mtu yule yule, na bastola ni ile ile.

Mimi nakaa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, na kazi yangu ni ulinzi wa usiku katika bohari. Sheria ya jimbo hili ya mwaka 1974 yaagiza kwamba mlinzi achukuaye silaha kazini apate mafunzo kwanza na cheti. Vyote hivyo ninavyo, pamoja na kibali cha kuchukua bastola. Basi mwaka jana mwajiri wangu aliniambia niende kozi ya siku tano katika jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini, nichukue na bastola yangu niliyoizoea mkononi. Mafuta ya motokaa angelipa yeye. Njia angeitafuta nani? Hilo hakulisema.

Tazama ramani, msomaji. Kutoka kwangu mpaka huko ni karibu kilomita 600. Unatoka Pennsylvania, unapita New Jersey, New York, Connecticut na Massachusetts, ndipo unafika New Hampshire. Katika hayo manne ya katikati, hakuna hata moja linalokitambua kibali changu. Mji wa New York, kwa ukali wake, haukitambui hata kibali cha jimbo lake wenyewe. Wautaka wa kwake. Lakini ukiisha kufika New Hampshire, tangu mwaka 2017 mtu asiyekatazwa na sheria haulizwi kibali cho chote.

Na mpaka wenyewe hauuoni. Ninyi mliofika Namanga au Mutukula mwajua mpaka ulivyo: kuna kizuizi, kuna askari, kuna foleni na mihuri. Hapa kuna mto Delaware tu na daraja la Benjamin Franklin lililofunguliwa mwaka 1926. Watu hulivuka hata kwa miguu, jioni, wakipunga upepo. Ushuru wa daraja hulipwa ukirudi Pennsylvania, si ukienda. Hakuna wa kukusimamisha akuambie, "Bwana, kuanzia hapa karatasi yako haina nguvu." Mpaka umo kitabuni, na asiyekisoma kitabu hana habari.

Mwaka 2013 mama mmoja wa mji wetu huu wa Philadelphia, mwenye umri wa miaka 27 na watoto wawili, alivuka akaingia New Jersey. Alikuwa na bastola, na kibali cha Pennsylvania alichokipata kwa halali. Askari polisi akamsimamisha kwa kosa dogo la kubadili njia barabarani. Yule mama akamwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba anayo bastola na kibali ni hiki. Kweli aliyoisema ndiyo iliyomfunga. Alikaa mahabusu siku 40 hivi, na juu ya kichwa chake kifungo cha miaka mitatu na zaidi. Kelele zilipokuwa nyingi, mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu wa New Jersey aliwaelekeza waendesha mashtaka wawatazame kwa upole zaidi watu wa namna hiyo, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe kabisa. Mimi naona sheria ile ilitungwa kwa ajili ya majambazi, ikamnasa mama mwenye kujilinda. Lakini maoni yangu hayafungui mlango wa gereza. Mke wangu aliponisomea habari ile, aliifunga simu yake akaniuliza swali moja tu: "Nani atawalipia hawa ada ya shule?"

Hata hivyo njia ya halali ipo. Serikali Kuu ilitoa sheria mwaka 1986 kwa ajili ya wasafiri. Yasema kwamba mtu atokaye mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha na kuichukua, naye aenda mahali anaporuhusiwa vivyo hivyo, aweza kupita katikati. Lakini kwa masharti. Bastola isiwe na risasi ndani. Wala bastola wala risasi zisiwe mahali ambapo mtu aliyekaa garini aweza kuzifikia kwa urahisi. Kama gari halina buti iliyotengwa, viwekwe katika sanduku lenye kufuli. Na kile kijisanduku kilicho mbele ya abiria, wanamotia karatasi na miwani, hakihesabiwi, hata ukikifunga. Basi nikanunua sanduku gumu la kufuli, bastola nikaiweka humo tupu, risasi katika sanduku lake, na vyote viwili ndani ya buti. Nikachukua barua ya kozi pia, ionyeshe nitokako na niendako.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ugumu ulikuwa bado, nao ulikuja kwa simu ya ndugu.

Ninaye binamu yangu, mwana wa mjomba, akaaye Jersey City, ambayo imo katika New Jersey, kando ya barabara ile ile ya kwenda kaskazini. Mungu amewajalia mtoto wa kike, na mimi ndiye niliyeombwa kuwa baba wa ubatizo. Padre alikwisha panga siku: Jumapili ile ile ya mwisho wa kozi yangu. Binamu alifurahi sana. "Kaka, Mungu amepanga," akasema. "Jumamosi ukirudi utapita hapa hapa. Lala kwetu, shemeji yako amepata unga wa muhogo, asubuhi twende kanisani pamoja."

Nikamwambia siwezi kulala. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya bastola.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Iache ndani ya buti. Nani ataiona?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kijinga. Nani ataiona? Lakini sikiliza yaliyompata mtu mmoja wa Utah mwaka 2005. Alikuwa akisafiri kwa ndege kwenda Allentown, Pennsylvania. Bastola yake aliitaja mbele ya watu wa ndege, ikafungwa katika mzigo kama sheria itakavyo. Ilimpasa kubadili ndege Newark, ndani ya New Jersey. Ndege ya kwanza ikachelewa, akaikosa ya pili. Mzigo nao ukakawia. Mwisho alikabidhiwa sanduku lake, akaenda kulala hotelini. Asubuhi akarudi uwanjani, akasema tena kwa uaminifu, "Ndani mna bastola." Akakamatwa, akakaa mahabusu siku nne. Baadaye mashtaka yalifutwa, naye akaenda kudai haki yake. Mwaka 2010 mahakama ya rufani ikaamua kwamba sheria ya 1986 haikumlinda, kwa sababu usiku ule hotelini sanduku lilikuwa mahali anapoweza kulifikia. Majaji walikiri kwamba alitiwa katika shida si kwa kosa lake. Walisema angaliwaomba askari wa uwanja wamtunzie silaha mpaka kesho yake.

Usiku mmoja, basi. Bastola yangu ingebaki ndani ya buti, kweli, nami ningelala nyumbani kwa watu. Labda mwanasheria hodari angesema kuna tofauti. Lakini sheria yamlinda apitaye njia. Na mtu aliyekula chakula cha jioni, akalala, akaamka, akaenda Misa, ni nani atakayemwita mpita njia? Sikutaka binti yetu abatizwe huku nikihesabu tofauti hizo.

Nilimweleza binamu hayo yote. Hakuyapenda. "Kwetu mgeni hapiti mlangoni pa ndugu bila kuingia," akasema. "Kwani kaka, bastola yako ni mgeni wa heshima kuliko mtoto wangu?" Shemeji akaichukua simu, akaniambia kwa upole kwamba, kama ni vigumu, Kanisa lakubali mtu asimame kwa niaba yangu. Maneno yake ya upole yaliniuma kuliko ya mumewe. Nikamwomba asitafute mtu kwanza.

Jumamosi jioni nilihudhuria Misa, na Jumapili alfajiri nikaondoka. Nilisimama kwa mafuta na kwa haja tu, nikila mkate huku naendesha. Nilipopita karibu na Jersey City niliona vibao vyake, nikatazama mbele.

Kozi yenyewe sitaieleza sana. Mwalimu alikuwa askari mstaafu, mtu wa maneno machache. Asubuhi ya kwanza hatukupiga hata risasi moja. Tulirudia kanuni nne mpaka wengine wakapiga miayo. Hesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kiwe mbali na kifyatuo mpaka macho yawe yamekaa shabahani. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake. Siku ya nne walituonyesha picha za watu zikitokea ghafula: huyu ameshika kisu, huyu simu, huyu mama amembeba mtoto. Kijana mmoja, mwepesi kuliko sisi sote, alimpiga mwenye simu. Mwalimu hakumkemea. Alikwenda akaileta ile picha, akaiweka juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula, ikakaa pale mchana kutwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aweza kujilinda, ila kwa nguvu isiyozidi ile inayohitajika. Nadhani mwalimu yule hajamsoma, lakini wangeelewana.

Ijumaa tukamaliza. Jumamosi nilipita tena majimbo yale manne bila kulala. Nikapita tena vile vibao vya Jersey City. Jua lilikuwa halijazama nilipovuka mto Delaware nikalipa ushuru. Nikaifungia bastola katika kabati la chuma, nikaoga, nikala. Mke wangu alikuwa amekwisha kuzipiga pasi nguo za watoto.

Saa kumi alfajiri tuliingia sote garini, tukarudi njia ile ile, karibu kilomita 150. Binamu alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa na suti yake nyeusi, hana hakika kama nitakuja. Alinipa mkono, akainama sikioni pangu.

"Imelala wapi?"

"Philadelphia. Kabatini."

Akageuka akamwita mkewe amlete mtoto.