Uzito Juu, Mwongozo Chini

Mzee aliyenifundisha kazi alifariki mwaka jana, na baada ya arobaini yake nilifunga karakana yangu ya Gerezani, Dar es Salaam. Msiba ulikuwa sababu mojawapo tu. Macho yangu yamechoka na moto wa kuchomelea, na kazi yenyewe imepungua mpaka kodi ya banda inakula faida yote. Lakini siku zile za matanga nilisikia mengi yakisemwa juu ya stendi za Mzee, zile zinazozunguka za kutundikia bidhaa madukani, mengine na watu ambao hawakuwahi kushika hata brashi ya waya mbele yake. Naandika haya ili yasemwe na mtu aliyekuwepo.

Nilizaliwa Korogwe, kwenye kambi ya mkonge, baba yangu akiwa mtu wa korona, mashine ya kuchakata mkonge. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1980, sikuchaguliwa kuendelea, na mjomba akanichukua nikakae naye Keko, Dar es Salaam. Nikabeba mbao, nikauza maji ya barafu, nikasukuma mkokoteni. Vijana wengi wa rika langu walipita humo humo, kwa hiyo sina la kuongeza.

Duka la wakati ule lilikuwa kaunta na muuzaji nyuma yake. Sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye bidhaa aliogopa kuionyesha. Nani angehitaji stendi? Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na enzi ya Rais Mwinyi milango ikafunguka zaidi. Kariakoo ikafurika. Fremu ya duka ya futi kumi kwa kumi ikawa na miwani, hereni, mikanda, kaseti na kadi za Krismasi na Idi, na kuta hazikutosha. Stendi inayozunguka inachukua nafasi ya kigoda sakafuni na kubeba mali ya ukuta mzima, tena mteja anaichagua mwenyewe bila kumsumbua muuzaji. Kazi yetu ilizaliwa hapo.

Mzee alikuwa mkerezaji. Alijifunza kwenye karakana za reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kabla haijavunjika mwaka 1977, na nilipomkuta Gerezani alikuwa na mashine moja kuukuu ya kukereza, ambayo hakumruhusu mtu kuigusa kabla hajanawa mikono. Kazi ilianzia kwenye stendi ya kadi kutoka nje, iliyoletwa na mwenye duka mmoja wa mjini ikiwa imekwama. Mzee aliifungua yote na kuipanga chini juu ya gunia, kipande baada ya kipande, kisha akakaa akiitazama. Wanaosema aliiga wana haki ya nusu. Umbo alilikuta. Lakini stendi ile ilikuwa imekufa kwa sababu kikombe chake cha plastiki kileleni kilikuwa kimelika, na dawa ya ugonjwa huo aliitafuta mwenyewe.

Nieleze inavyoundwa, maana hapa ndipo watu wanapopotosha. Nguzo ya ndani ni bomba zito la maji la inchi moja, ambalo kwa nje linapima kama milimita 33. Kijana ajue kwamba inchi ya bomba la maji inataja tundu, haitaji unene wa nje. Wengi wamekata chuma cha watu bure kwa kutolijua hilo. Nguzo hiyo inachomelewa kwenye kitako na haizunguki kamwe. Juu yake linavikwa bomba jingine jepesi, ndilo linaloshika paneli na kulabu zote. Bomba hili la nje haligusi kitako. Kileleni, ndani yake, lina kizibo. Kizibo kinakalia gololi moja ya chuma iliyotolewa kwenye beringi kuukuu. Gololi nayo inakaa kwenye kishimo cha kikalio kilichokazwa juu ya nguzo ya ndani. Uzito wote wa stendi na mali yake unapita kwenye gololi hiyo. Chini, karibu na kitako, kuna pete ya nailoni iliyokerezwa ikaacha nafasi ndogo tu ya kupumua. Pete haibebi uzito. Inaliongoza bomba lisichezecheze.

Stendi ya namna hii mtoto anaizungusha kwa kidole hata ikiwa imejaa kaseti, kwa sababu karibu msuguano wote uko katikati kabisa ya mhimili, mahali ambapo hauna mkono wa kukuzuia. Mzee alifupisha somo lote kwa maneno manne: uzito juu, mwongozo chini.

Dawa yake ilikuwa kile kikalio cha gololi. Chuma laini cha dukani hakiwezi kubeba gololi kwa muda mrefu. Kinabonyea kidogo kidogo, gololi inajichimbia, na stendi inaanza kukwama na kulia. Mzee alitafuta bolti za malori zilizo na alama ya 8.8 kichwani, yaani za chuma kigumu, akazikereza, akazichonga kishimo, kisha akazikaza kileleni mwa nguzo kwa nyuzi zake bila kuzichomelea. Siku moja nilimwuliza kwa nini tunajisumbua kukata nyuzi wakati mashine ya kuchomelea ipo hapo hapo.

“Mwanangu,” akanijibu, “moto ule unaua ugumu wa chuma. Ukiichomelea bolti hii, umeirudisha kuwa msumari.”

Sasa niingie kwenye ubishi. Tulikuwa wawili tuliojifunza kwa Mzee. Mwenzangu alihamia Buguruni na kufungua karakana yake, na huko akaiacha njia ya Mzee. Yeye anaweka beringi mbili ndani ya kikombe kimoja kwenye kitako, nguzo nzima inazunguka, basi. Mpaka leo tukikutana, hata msibani, tunabishana. Namheshimu, na hoja zake nazisema kama anavyozisema yeye. Njia yake haihitaji mkerezaji. Beringi za namba 6205 zinapatikana kila duka la vipuri. Stendi inafunguka vipande viwili, inaenda mkoani juu ya basi. Na nguzo ya ndani ya Mzee, anasema, ikiwa ndefu na nyembamba, kilele kinayumba.

Hoja ya mwisho ni ya kweli kwa fundi anayebania chuma. Ndiyo maana Mzee hakukubali bomba jembamba ndani. Lakini nitamjibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu haina urafiki. Chukua kilo 5 za mikanda, zitundike upande mmoja, sentimita 30 kutoka katikati. Uzito huo unataka kuipindua nguzo, na viegemeo viwili ndivyo vinavyoizuia. Kama viegemeo vimeachana sentimita 120, kimoja kileleni na kingine chini kama alivyofanya Mzee, kila kimoja kinasukumwa kwa ubavu na nguvu ya kilo moja na robo. Kama vimeachana sentimita 5 ndani ya kikombe kwenye kitako, kila kimoja kinasukumwa na nguvu ya kilo 30. Mikanda ni ile ile. Kisha ongeza mteja anayevuta mkanda kwa nguvu, na mtoto anayejitundika mama yake akiwa anapatana bei. Beringi za chini zinalegea, na kilele cha stendi kinaanza kwenda huku na huku, kwanza kwa upana wa kidole, baadaye kwa upana wa kiganja.

Halafu kuna maji ya deki. Maduka ya Kariakoo yanapigwa deki kila asubuhi kwa sabuni, na vumbi la mtaa linaingia mchana kutwa. Chochote chenye grisi kilicho chini kinaoshwa na kutiwa mchanga kila siku. Mwenzangu anasema siku hizi kuna beringi zenye mfuniko wa mpira. Sawa, mfuniko unazuia vumbi, lakini zile kilo 30 bado ziko pale pale. Ninamkubalia jambo moja: kwa kistendi cha hereni kinachokaa juu ya kaunta, kifupi na chepesi, njia yake inatosha na inaokoa pesa. Kwa stendi inayosimama sakafuni, hapana.

Jambo la pili ambalo Mzee alilijua na wengi hawataki kulisikia ni timazi. Mwenye duka analalamika: “Fundi, stendi yako nikiiacha inarudi yenyewe upande mmoja.” Mafundi wengi humjibu kwamba amepakia vibaya, apange mali sawasawa. Huo ni uongo. Nguzo ikiwa wima kabisa, unaweza kupakia upande mmoja tu na stendi itasimama popote utakapoiachia, kwa sababu hakuna upande ulio chini kuliko mwingine. Stendi inayorudi mahali pale pale ina nguzo iliyoinama, na upande mzito unateremka kama maji. Kosa ni la fundi au la sakafu. La mpakiaji halimo.

Nguzo huinama wapi? Mara nyingi kwenye kuchomelea. Fundi mwenye haraka anazungusha moto upande mmoja mpaka amalize, chuma kinapoa kwa kujivuta upande huo, na nguzo iliyokuwa wima inalala kidogo. Mzee alipiga nukta nne kwanza, mbili mbili zinazotazamana, akapima kwa timazi, kisha akachomelea vipande vifupi akibadilisha pande na kuacha chuma kipumue. Kwenye miguu aliweka bolti za kupandisha na kushusha, maana sakafu za maduka yetu chache ndizo zilizonyooka.

Na miguu yenyewe si mapambo. Stendi haianguki kuelekea kwenye mguu, inaanguka katikati ya miguu miwili. Kwa miguu ya sentimita 40 kutoka katikati, ukiweka mitatu, ukingo wa kuangukia uko sentimita 20 tu kutoka katikati. Mine inakupa 28. Mitano inakupa 32. Viti vya ofisini vinavyozunguka vina miguu mitano kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye duka lenye nafasi tulitumia miguu mitano. Kwenye fremu nyembamba, ambako mguu mrefu ungewakwaza wateja, tulitumia bamba la chuma la milimita 10, sentimita 50 kwa 50, ambalo peke yake linakaribia kilo 20. Wenye maduka walilalamikia bei ya bamba hilo. Mzee hakupunguza.

Hapa vijana wanisikilize. Stendi ya bidhaa ndogo ndogo inasimama mahali watoto wanapopita, na kulabu za safu ya chini ziko usawa wa macho yao. Nimeona stendi mpya, zinang'aa kwa rangi, kila kulabu imekatwa kwa grenda na kuachwa na ncha kali. Kukunja ncha ya kulabu kwa koleo ni kazi ya sekunde. Asiyeifanya hastahili kuitwa fundi, hata awe na mashine za mtaa mzima. Mzee alipitisha kiganja chake juu ya kila kulabu kabla stendi haijapakiwa kwenye mkokoteni, na iliyomkwaruza ilirudi mezani.

Soko limetugeuka. Simu ziliua kadi za sikukuu, kaseti zikafuatwa na sidii, sidii nazo zikazikwa, na sasa mali inayotundikwa ni kava za simu na chaja. Stendi nyepesi kutoka ng'ambo zinaingia kwa kontena, bei yake haifikii hata gharama yetu ya chuma. Siwalaumu wenye maduka kwa kutafuta unafuu. Ila nakumbuka meneja wa kampuni moja ya samani za maduka aliyemwambia Mzee, mbele ya mteja wetu, kwamba kazi yake ni ya kienyeji na imepitwa na wakati. Mteja akaenda naye. Haikuchukua muda stendi alizouziwa zikaletwa Gerezani zikiwa zimelegea kitakoni, na Mzee akazitengeneza kwa bei ya kawaida bila kutia neno. Neno nalitia mimi: mteja yule alilipa mara mbili, na mara ya pili ndiyo aliyopata stendi.

Walimu wa ufundi wanafundisha vijana kuchomelea vizuri kuliko tulivyofundishwa sisi. Ninawaomba wawape pia mtihani wa kuunda stendi, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu: kukereza, kupima, kuchomelea bila kupinda, hesabu ya nguvu, na kumfikiria mtu asiyemjua atakayekiegemea chuma chako. Mashine ya kukereza ya Mzee nimemwachia kijana wangu wa mwisho kazini, kwa sharti kwamba asiiuze kwa wa vyuma chakavu.

Na wewe mwenye duka, kabla hujalipa, fanya alivyofanya Mzee na kila stendi yake. Tundika mali upande mmoja tu, upande wa pili uache mtupu. Izungushe, iache isimame. Rudia mara kadhaa. Kisha shika kilele ukitikise, na upitishe kiganja kwenye kulabu za chini. Ikisimama kila mara mahali pale pale, ikicheza mkononi au ikikukwaruza, usilipe mpaka fundi aitengeneze. Fundi wa kweli hatakasirika.