Kabla Ununue DAC, Chomoa Chaja Kwanza

Wiki jana kuna msee ameniandikia kwa DM. Yuko mwaka wa kwanza, anasomea hapa Kitui, na swali lake lilikuwa fupi: "Bro, HELB ikiingia nichukue hiyo DAC yako ama ningoje?"

Nimekaa siku tatu bila kumjibu. Sababu ni kwamba mimi ndiye nilipost ile video ya kisanduku cheusi juu ya meza, taa ya bluu, mkono wangu ukizungusha kile kifundo cha sauti polepole kama mtu anafungua sefu. Video ilienda mbali kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Sikudanganya mahali. Lakini niliwapa nusu ya stori, na sasa kuna mtu anataka kula githeri mwezi mzima kwa sababu ya hiyo nusu. Kwa hivyo hii ndiyo nusu ingine.

Kwanza, kwa wale hawajui tunaongea kuhusu nini. Wimbo ndani ya simu ama laptopu ni namba tu. Ule wa ubora wa CD una vipimo 44,100 kwa kila sekunde, kila upande wa sikio. Lazima kitu kigeuze hizo namba kuwa stima inayocheza juu na chini, ndiyo kile kispika kidogo cha sikioni kitikisike. Hicho kitu ndicho DAC. Halafu amplifaya inaipa hiyo stima nguvu. Uko nazo tayari. Ziko kwa simu yako, kwa laptopu yako, hata ndani ya zile earpods za Bluetooth za mia nane uko nazo sikioni saa hii. Yangu ni FiiO E10K, ambayo inaziweka zote mbili kwa boksi moja ndogo nje ya laptopu na inakula stima ya USB. Niliinunua mitumba, elfu sita, kwa jamaa wa Nairobi akanitumia na parcel ya matatu. Pesa ilikuwa ya nyumba. Nilimkwepa mwenye ploti wiki mbili, nikawa natoka saa kumi na moja asubuhi kama mtu wa maziwa.

Kwa nini nilikuwa na haraka hivyo? Hapo ndipo sikuwaambia.

Nyumbani ni upande wa Kibwezi. Umau, baba ya baba yangu, ana kanda kama thelathini kwa sanduku la bati chini ya kitanda. Nyingi ni benga ya Kikamba, na huyo mzee ni mtu wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, hawezi kusikia habari ya mwingine. Kakai alifariki 1987, lakini ukimwongelesha umau utadhani alikuwa hapa juzi kukopa jembe. Sasa Desemba nikabeba laptopu nyumbani nizihifadhi hizo kanda kabla zioze. Ndani ya sanduku nikapata moja haina jina. Upande wa kwanza ni nyimbo zimerekodiwa kutoka redioni. Upande wa pili ni susu.

Wazazi wetu watajua hii kitu. Zamani mtu akiwa na kazi Mombasa na nyumbani hakuna anayeandika vizuri, mnakaa mbele ya redio-kaseti, mnabonyeza ile batani nyekundu, mnaongea, halafu kanda inapewa mtu anayepanda basi. Susu alikuwa anamwongelesha baba yangu, kijana wa miaka ishirini na moja, yuko kibarua bandarini. Susu alituacha 2009. Nilikuwa mdogo, sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa.

Nilichomeka redio kwa soketi, laptopu kwa chaja, waya katikati, nikarekodi. Nikasikiza na spika za laptopu, ikawa sawa. Nikarudi Kitui nimefurahi.

Kufika kejani, naweka earphone, naskia vurugu. Kuna shhhh ya kila wakati. Nikisongesha mausi kuna kitu kinalia kama panya, kiii kiii. Na chini ya hayo yote kuna mngurumo, mmmmm, kama posho mill iko ng'ambo ya barabara. Susu anaongea ndani ya hiyo kelele. Nikasema laptopu hii ni mzee, imetoka ofisi ya watu huko majuu, tundu lake la earphone limeisha. Nikaingia YouTube, na nyinyi mnajua YouTube. Video tatu baadaye nilikuwa nimeamini bila DAC siwezi kusikia nyanya yangu.

Basi parcel ikafika. Nikachomeka USB, nikaweka hedifoni, nikabonyeza play.

Ile shhhh ilienda. Yule panya akaenda. Hii ni ukweli na ndiyo kitu nilisema kwa video: ndani ya laptopu kuna vitu vingi vimebanana, feni, diski, prosesa, vyote vinavuta stima na kuiachilia, na kelele yao inaingia kwa zile waya nyembamba za sauti. Ukitoa kazi ya kugeuza sauti nje ya hiyo boma, unapata kimya. Hicho kimya ndicho kilinishtua, si besi, si hizo stori za "naskia mpaka mate ya mwimbaji".

Lakini mngurumo ulibaki. Tena sasa uko wazi zaidi, umesimama peke yake, hakuna mahali pa kujificha. Ulikuwa ndani ya faili.

Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho hakuna mtu wa kuuza anakwambia. DAC haitengenezi wimbo. Inakuonyesha wimbo. Ukiwa na benga imepigwa kilobiti 128, imetolewa YouTube, ikapitia WhatsApp, ikawekwa kwa flash na jamaa wa movie shop, utasikia vizuri sana vile imeharibika. Matoazi yanasikika kama mtu anakaanga mandazi.

Mngurumo wenyewe ulitoka wapi? Stima yetu Kenya ni volti 240, inaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Redio ilikuwa kwa ukuta, laptopu kwa ukuta, na mimi nimeziunganisha na waya wa sauti. Nikawa nimetengenezea stima njia ya mzunguko, ikapita kwa ule waya pamoja na sauti ya susu. Na kama soketi haina earth, ndiyo mbaya zaidi. Unajua vile ukigusa chuma ya laptopu ikiwa kwa chaja unaskia kama mchwa wanatembea kwa kidole? Huyo ndiye. Spika za laptopu ni ndogo, haziwezi kutoa sauti nzito hivyo, ndiyo maana sikuisikia Kibwezi.

Nilijaribu kuiondoa na Audacity, ambayo ni ya bure. Nikakata 50, nikakata 100, nikakata 150. Mngurumo ulipungua lakini susu akawa kama mtu anaongea akiwa ndani ya tangi la maji. Nikaachana nayo.

Halafu nikagundua ujinga wa pili. Nilidhani hiyo boksi itanisaidia kurekodi upya. Wasee, E10K haina mahali pa kuingiza sauti. Inatoa tu. Kama wewe ni content creator na unataka sauti yako iwe safi, DAC si kitu yako, unataka audio interface, zile kina Focusrite Scarlett Solo ama Behringer UM2. Hizo zinachukua maiki upande huu na zina tundu la hedifoni upande ule, DAC na amplifaya ziko ndani tayari. Elfu sita yangu ingekuwa mwanzo mzuri wa hiyo. Niliona haya kusema kwa sababu video ilikuwa imeshapata likes.

Pasaka nikashuka nyumbani tena, Kitui, Mutomo, Ikutha, unavuka Athi uko Makueni. DAC nilikuwa nimeifunga ndani ya soksi. Nilipofika nikanunua betri kubwa za redio, umau anaziita mawe, nikatoa laptopu kwa chaja. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yote. Kila kitu kwa betri, hakuna kitu kimegusa ukuta. Bei ya mawe tu.

Upande wa kwanza ukaingia safi. Nikageuza. Susu akaanza kusalimia, akauliza baba kama anakula, na hapo redio ikakwama, ikatoa ile sauti ya kumeza. Nilifungua mlango nikapata utepe umezunguka kile kigurudumu cha mpira kama uzi kwa mguu wa kuku. Ukakatika nikiutoa. Nilikuwa na miezi minne ya kufanya hiyo kazi na nilikuwa nimeitumia kutafuta boksi.

Tuliutengeneza mimi na binamu yangu, bisibisi ndogo na selotepu, tukakata sehemu iliyokunjamana. Tulipata dakika kumi na moja. Kuna kipande katikati, labda nusu dakika, kiko tu kwa ile rekodi ya Desemba yenye mngurumo. Nimekiunga hivyo hivyo. Ukisikiza unaskia posho mill inawashwa halafu inazimwa.

Sasa wewe wa DM. Kabla HELB iingie, fanya hivi: chomoa chaja, cheza wimbo unaoujua, sikiza. Kelele ikienda, shida ilikuwa stima, umebaki na pesa yako. Ikibaki ile ya panya na shhhh, jaribu kwanza ile adapta ndogo ya USB-C ya earphone, hiyo pia ni DAC, na kwa hedifoni za kawaida za ohmu 32 inatosha. Boksi la mezani lina maana ukiwa na hedifoni nzito za kusukuma, kama zile Beyerdynamic DT 770 za ohmu 250, na kama ungekuwa nazo hungekuwa unaniuliza. Na ukiinunua bado, ile swichi ya geini nyuma, iache chini. Mimi niliiweka juu nikiwa na earphone ndogo, sikio la kushoto likalia siku mbili. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80, masaa 40 kwa wiki, na geini ya juu inapita hapo kabla ujue.

Mimi yangu siuzi lakini. Ile Jumatatu ya Pasaka nilimkalisha umau chini ya mwembe, nikamvisha hedifoni juu ya kofia, akakataa, akavua kofia. Nikabonyeza play. Alikaa kimya dakika zote kumi na moja akiangalia miguu yake. Mahali fulani akainua kidole, kama mtu anasimamisha gari.

"Umesikia huyo punda?"

Sikuwa nimemsikia. Nilirudisha nyuma, nikachukua hedifoni. Ni kweli, mbali kabisa, nyuma ya sauti ya susu, kuna punda analia. Kwa ile rekodi ya kwanza alikuwa amefunikwa.

"Huyo tulimuuza njaa ya 1984," akasema. Akanyamaza. "Alikuwa na akili kuliko baba yako."

Akataka tena kutoka mwanzo. Ilipoisha akaishika ile boksi, akaigeuza, akaipima kwa mkono vile watu hupima mbuzi.

"Na hii ni pesa ngapi?"

Nikamwambia elfu moja.

"Ghali," akasema, akarudisha kofia.