Kipande cha Baba

Kilosa, Jumatatu 1 Mei 1961
Leo Nyerere amekuwa Waziri Mkuu. Baba karudi usiku kutoka shamba la mkonge, Kimamba, kalewa, anaimba. Anasema uhuru ukija tu, sote tunapanda treni hadi Tabora, kwao, alikotoka akiwa manamba. Mama aliendelea kupepeta mchele.

Jumamosi 5 Agosti
Baba kampiga mama tena. Kisa ni kipande, kadi ya kazi ya shambani: mpaka kijae siku 30 ndipo mtu alipwe, na cha baba kina mapengo kila Jumatatu. Mama alimwuliza tutakula nini. Swali hilo tu. Kadi ya TANU, lakini, haijapata hata doa. Ameifunga kwenye kitambaa na anaiweka chini ya mto.

Jumapili 10 Desemba
Juzi usiku wa manane bendera ya Mwingereza imeshushwa Dar es Salaam, na mwenge umewashwa Kilimanjaro. Hapa ngoma hazikulala. Baba hakunywa hata tone. Alinibeba mabegani, mkubwa hivi, watu wakacheka. Nasema kweli: kama angekuwa hivyo kila siku, ningemfuata Tabora kwa miguu.

Alhamisi 28 Desemba
Mjomba amekuja kutoka Mikumi. Kwetu Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Hakupaza sauti.
“Shemeji, Tabora nenda. Watoto wanabaki.”
“Kwetu Unyamwezini mtoto ni wa aliyetoa mahari!”
“Mahari gani, shemeji?”
Baba akatazama chini. Nilimwonea huruma kuliko siku zote alizonitia hofu.

Mikumi, Jumanne 23 Januari 1962
Tulikuja kwa lori, tope tupu, tukapitia Ulaya (kijiji, si kwa Malkia). Mama analala usingizi mzito siku hizi, hashtuki mlango ukilia.
Jana Nyerere ameacha uwaziri mkuu, Kawawa ameshika. Barazani wazee wanabishana: mtu anaachaje kiti hata miezi miwili ya uhuru haijatimia? Mjomba anasema wakubwa wana sababu zao. Huyo huyo ananikataza kumtaja baba nyumbani kwake. Mila imempa haki ya kutulea, sibishi. Lakini ada yangu ya shule, kipande kilipojaa, alilipa baba. Barua nitamwandikia, mjomba apende asipende.