Mgema wa Leo Halitii Tembo Maji

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mpenzi msomaji, bila shaka methali hii uliikariri shuleni, na mwalimu akakufafanulia kwamba mtu akisifiwa mno huharibu kazi yake. Ni kweli. Lakini je, umewahi kumtazama vyema huyo mgema? Kosa lake lilikuwa maji tu. Mnywaji aliyepunjwa alirudi nyumbani akinung'unika, lakini alirudi. Asubuhi aliwaona mkewe na wanawe kama alivyowaona jana.

Mgema wa siku hizi halitii tembo maji. Sisi tulio na asili ya Embu hatuhitaji kukumbushwa Mei 2014. Watu makumi kadhaa walikufa Embu, na wengine wakafa Kitui, Makueni, Kiambu na Murang'a, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Baadhi ya walionusurika walipofuka. Kabla ya hapo, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikuwa wameangamia Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Na Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, katika kaunti jirani ya Kirinyaga.

Kila mkasa wa namna hii ukitokea, lawama huangukia "pombe ya kienyeji", kana kwamba ni babu na nyanya zetu waliotuachia sumu. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, wala sisemi haya ili nimpigie mtu debe la ulevi. Pombe si chai, na nyumba nyingi zimebomoka kwa ajili yake bila methanoli kuhusika. Lakini ugonjwa usipotajwa kwa jina lake hautibiki.

Hamira ikikutana na sukari huila, ikatoa vitu viwili: kileo kiitwacho ethanoli, na hewa inayoleta povu. Methanoli huweza kupatikana humo, lakini kwa kiasi kidogo mno, kisichoweza kumpofusha mtu. Ile inayoua hutoka viwandani, ambako hutumiwa kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali nyingine. Humiminwa katika pombe na mtu anayetaka ukali wa haraka kwa gharama ndogo. Haijiingizi yenyewe, hutiwa kwa mkono.

Babu yangu, aliyeishi Mbeere, alijua kuipika pombe ya asali. Kwetu huitwa njovi. Jirani zetu Wameru huiita nchobi. Tunda refu la mvungunya, ambalo wengi tunalijua kwa jina la muratina, lilipasuliwa, likachemshwa, kisha likaanikwa juani. Likikauka lilitiwa ndani ya kibuyu chenye maji na asali, au maji ya miwa iliyotwangwa kinuni, na kibuyu kikawekwa karibu na meko kipate joto. Hamira ilikuwa imejificha katika nyuzi za tunda hilo. Pombe ikiiva, tunda lilitolewa, likakaushwa na kuhifadhiwa kwa upishi mwingine. Hakuna aliyemfundisha babu jina la hamira, lakini aliitunza kama mbegu.

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, alinijia hapa Nairobi akiwa na mkebe aliotumiwa na rafiki yake aliyeko Uingereza. Ndani mlikuwa na kitu kizito cheusi, mfano wa asali iliyoungua. Ilikuwa ni bia nyeusi ya kujipikia nyumbani.

"Shangazi," akaniambia, "hii si pombe. Ni sayansi."

Nilivaa miwani nikasoma maagizo. Mkebe wa kilo 1.7 hutoa lita 23. Unayeyusha ule uji kwa maji moto ndani ya ndoo iliyosafishwa barabara kwa dawa, unaongeza maji baridi na sukari, na ikishapoa unanyunyiza hamira. Unafunika kwa kifuniko chenye kibomba cha kutolea hewa, unasubiri wiki moja au mbili, kisha unatia chupani na kungoja tena. Ukiharakisha kutia chupani kabla hamira haijamaliza kazi, hewa hujaa na chupa hupasuka.

Nilicheka. Tofauti ya ndoo ile na kibuyu cha babu iko wapi? Hata weusi wa bia hiyo si uchawi. Shayiri huloweshwa ichipue iwe kimea, hukaushwa, na sehemu yake ndogo hukaangwa mpaka iwe nyeusi, jinsi buni ya Meru na Embu inavyokaangwa ikawa kahawa. Kisha kimea hulowekwa katika maji moto, na maji hayo hupunguzwa mpaka yawe mazito. Shayiri yenyewe si mgeni kwetu, maana hulimwa kule Timau.

"Lita 23," nikamwuliza, "utazinywa na nani?"

"Na wenzangu wa hosteli, shangazi. Wengine watachangia kidogo."

Hapo sayansi ikageuka biashara. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 humtaka anayetengeneza pombe ya kuuza awe na leseni. Nikamweleza pia jambo ambalo halikuandikwa mkebeni. Babu hakupika kwa kificho. Alipika kwa sababu inayojulikana: mahari, au wazee kukutana. Vijana wa umri wa mpwa wangu hawakupewa. Na kibuyu kilipofunguliwa, babu alionja wa kwanza mbele ya wote. Kama kulikuwa na ubaya humo, ungeanza naye.

Hiyo, msomaji, ndiyo mali tuliyoipoteza. Utaalamu wa kuchachusha haujapotea. Umo hata katika mkebe wa kigeni. Kilichopotea ni uso wa mpishi. Waliokufa Embu hawakujua aliyetia mkono wake katika pombe ile, naye hakuwajua wao. Angeketi nao na kunywa, asingethubutu.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo. Mkebe ungali kabatini mwangu; anasema ataulizia leseni kwanza.

Nanyi wazazi, ongeeni na vijana wenu kabla mtaa haujaongea nao. Wajue kwamba methanoli haitambulikani kwa macho wala kwa kuonja. Wajue pia kwamba madhara yake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku nzima: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, macho kuona ukungu. Mtu wa namna hiyo asilazwe eti "pombe itamtoka". Maziwa hayatamsaidia. Apelekwe hospitali mara moja, kwa maana dawa zipo, nazo hufaa zikiwahi. Kila saa inayopita, mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho.

Na wewe mwanafunzi unayeandaliwa glasi na mtu usiyemjua, uliza swali moja tu: nani aliyepika hii? Usipopata jina, iache mezani.