Jua na Mvua Huko Kisegi

Msafiri aendaye Kisegi kutoka mji wa Homa Bay huliacha nyuma bonde la Lambwe, ambamo imo hifadhi ya wanyama ya Ruma, kisha huizunguka Milima ya Gwassi mpaka upande wa kusini, karibu na mpaka wa kaunti ya Migori. Zamani nchi hii yote ilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini. Mbele ya msafiri ni Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, na nyuma yake ni milima. Ardhi iliyo kati ni nyembamba, na juu yake ziwa na milima hushindana kila siku. Mgeni akifika asubuhi na kuondoka jioni, aweza kuapa kwamba alikuwa katika nchi mbili.

Alfajiri ziwa hutulia kama mafuta sahanini. Upepo mwepesi wenye ubaridi hutoka barani kuelekea majini. Jua likichomoza, kwa muda wa saa mbili tatu ni vigumu kutaja mahali pazuri kupita hapo. Halafu joto huzidi, na kabla ya adhuhuri upepo hugeuka: sasa watoka ziwani, na mawimbi madogo yaanza kupiga mawe ya ufukoni. Mawingu meupe, kama pamba iliyochambuliwa, hujikusanya juu ya Gwassi. Ifikapo saa tisa yamekuwa meusi. Mara nyingine mvua hunyesha milimani kwa kishindo na radi, huku mtu aliye ufukoni akitazama tu bila kupata tone. Mara nyingine dhoruba hushuka mpaka majini, na kwa nusu saa njia hugeuka mto. Kisha jua hurudi, kana kwamba hapakuwa na neno.

Sababu yake si fumbo. Ardhi hupata moto upesi kuliko maji, na hupoa upesi vile vile. Mchana hewa ya juu ya ardhi hupanda kwa joto, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Ikikutana na upepo utokao mashariki, hewa hulazimika kupanda juu zaidi, na mvuke wake huwa mawingu. Usiku mambo hupinduka. Ziwa, ambalo eneo lake ni zaidi ya maili za mraba 26,000, hubaki na joto lake. Nchi kavu ya pande zote hupoa, na pepo za Kenya, Uganda na Tanzania hukimbilia majini na kukutana huko. Ndipo dhoruba huzaliwa ziwani, baada ya usiku wa manane. Pepo za mashariki huzisukuma ng'ambo. Kwa hiyo Bukoba hupata mvua zaidi ya inchi 70 kwa mwaka, hali ufuko wa Gwassi hupata kidogo sana kuliko hiyo.

Mkulima wa huko aliijua hesabu hii kabla ya vitabu. Karibu na ufuko hupanda mtama na muhogo, mimea ivumiliayo ukame. Mahindi hupata nafuu juu zaidi, mawingu yanakoangukia. Mwaka wake una majina: chwiri ni mvua ndefu, opon ni mvua fupi, oro ni kiangazi. Lakini ndani ya chwiri yenyewe aweza kukaa majuma mawili akitazama mahindi yake yakijikunja majani, na mvua anaiona kwa macho, imesimama juu ya shamba la mtu mwingine maili moja tu mlimani. Wako wanaoamini kwamba hii ni kazi ya jirani mbaya. Kosa lake jirani huyo ni kwamba shamba lake liko juu.

Wanawake wa ufukoni nao wana shida yao. Omena, yule samaki mdogo aitwaye dagaa kwa Watanzania na mukene kwa Waganda, hutandazwa juani juu ya nyavu kuukuu. Siku moja ya jua kali yatosha kumkausha. Mvua ya ghafula ikimkuta, na siku ya pili ikawa ya mawingu, huanza kuoza, na aliyekuwa chakula cha watu huuzwa kwa bei duni awe chakula cha kuku. Mwanamke aliyemnunua kwa fedha za mkopo hapati wa kumlipa.

Hata hivyo mvua ya mchana huonekana ikija. Ya usiku ndiyo ya kuogopwa. Omena huvuliwa gizani, siku zisizo na mbalamwezi, kwa taa zinazoelea juu ya maji na kuwavuta samaki; yaani wavuvi huwa mbali na nchi kavu saa zile zile ambazo dhoruba huzaliwa. Mvuvi mzoefu huijua dalili: joto zito, kisha upepo wa baridi unaokuja mara moja. Kuanzia hapo ana dakika chache tu, na mashua ya mbao isiyo na injini haifiki mbali kwa dakika chache.

Wana wa Afrika Mashariki walio Scotland au Norway huandika nyumbani kwamba kiangazi cha huko hakiaminiki, asubuhi jua na adhuhuri mvua. Ni kweli, lakini mawingu mengi ya kaskazini hutoka Bahari ya Atlantiki, yakiwa mapana mamia ya maili, na wataalamu huyaona siku mbili tatu kabla hayajafika. Wingu la Kisegi huzaliwa mchana na kufa jioni ile ile. Mtaalamu aweza kusema kwamba leo dhoruba zitakuwapo. Kusema zitapiga ufuko upi ni kazi nyingine.

Kazi hiyo imeanza. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, mradi ulioitwa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliziunganisha idara za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ili wavuvi wapate maonyo yaliyo bora na ya mapema. Onyo likifika, hukutana na hesabu nyingine. Usiku wa giza la kutosha ni kama nusu ya mwezi tu. Sheria ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kutoka Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane. Mwenye mashua angojea fungu lake, na usiku uliopotea haurudishwi na mtu. Basi jua linapotua, wako wanaovuta mashua zao juu ya mchanga, na wako wanaowasha taa.