Goma: fundi anayetafuta mlio wa moteri ya baba yake

Katika kiwanja kidogo cha Majengo, mjini Goma, juu ya mawe meusi ya volkano, kuna moteri inayoweza kubebwa na mtu mmoja mikononi. Ina magurudumu mawili mazito, silinda moja iliyolala, na tanki la maji lililokatwa kutoka kopo la maziwa ya unga. Aliyeijenga ni fundi wa pikipiki mwenye miaka hamsini na kitu. Majirani walidhani ni mchezo wa watoto wake.

Baba yake alikuwa mtunza moteri kwenye shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Shamba lilipokufa, mzee alileta moteri ile hadi Birere na kuifunga kwenye mashine ya kusaga mahindi na mihogo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Familia ilikimbia kwa miguu kuelekea Gisenyi, ikapona. Moteri ilibaki chini ya jiwe. Hakuna aliyewahi kuipiga picha, na mzee naye amekwisha kufariki. Fundi amebaki na mambo mawili tu kichwani: alipokuwa mtoto gurudumu lilimfika kifuani, na mlio wake. Pa! Halafu pumzi ndefu, fuu, fuu, fuu, fuu. Halafu pa! tena.

Mlio huo una sababu. Moteri za aina ile hazikupunguziwa mafuta mwendo ulipozidi, zilirukishwa moto. Vyuma viwili vidogo kwenye gurudumu hutanuka kasi inapopanda, na kufanya kijiti kimoja kishike vali ya moshi ibaki wazi. Silinda haivuti tena mchanganyiko mpya, bugi haina cha kuchoma, na magurudumu yanaendelea kwa uzito wao. Yakichoka kidogo, kijiti kinaachia, silinda inavuta, moto unawaka mara moja. Pa!

Vifaa vyote vimetoka gereji za jirani. Magurudumu ni diski za breki za Toyota, kwa sababu ni chuma cha kuyeyushwa na zina uzito. Silinda na pistoni ni za pikipiki iliyokwisha. Bobini ya moto ni ya pikipiki pia. Shafti alipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma, na hapo ndipo pesa yake nyingi iliishia. Mke wake alinung'unika, na kusema kweli alikuwa na haki: mwezi ule gunia la makala lilinunuliwa kwa deni.

Siku ya kwanza moteri ilikataa. Siku ya kumi pia. Alibadilisha bugi, akasaga vali upya, akapima mgandamizo kwa kidole gumba. Kosa lilikuwa kwenye vali ya kuingiza, ambayo katika moteri za zamani haisukumwi na kitu, inafunguliwa na mvuto wa pistoni peke yake. Springi aliyoweka ilikuwa na nguvu mno. Mwanaye aliyekuwa akifanya kazi za shule alivunja kalamu yake ya kubonyeza, akampa springi iliyo ndani. Jioni hiyo iliwaka.

Lakini haikulia kama ya baba. Ilipiga haraka haraka, kama mtu mwenye kwikwi. Ukipunguza gurudumu hadi robo ya urefu wake kila upande, uzito haubaki robo, unashuka hadi sehemu moja ya 64. Nguvu ambayo gurudumu hilo linaweza kuhifadhi kwa mwendo uleule inashuka zaidi ya mara elfu moja. Kwa hiyo moteri ndogo haina subira. Ilibidi fundi achague: abaki na umbo sahihi, au apate mlio. Alifunga diski nyingine mbili juu ya zile za kwanza. Sasa magurudumu ni manene kupita kiasi, na mtu aliyeona moteri ya kweli angecheka. Pumzi kati ya pa na pa imerefuka. Alichagua vizuri.

Petroli nayo aliiacha, maana kabureta ndogo hivyo ilimshinda. Anatumia gesi ya chupa ya kupikia. Hapo majirani waliogopa, kwani Goma neno gesi linakumbusha mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na kuua watu na mbuzi bila harufu. Fundi anawaeleza kwamba mazuku ni hewa isiyowaka, na kwamba inayowaka ni methani iliyo chini kabisa ya ziwa Kivu. Moteri za kwanza kuuzwa duniani, zile za Lenoir, mzaliwa wa Ubelgiji, mwaka 1860, zilitumia gesi ya taa za barabarani. Ng'ambo, karibu na Kibuye, kituo cha KivuWatt kinazungusha moteri kubwa kwa gesi ya ziwa tangu 2016 na kutoa megawati 26 hivi. Huku Goma tunapikia makala.

Jumamosi alifunga dinamo ya baiskeli kwenye moteri, na balbu ya tochi ikawaka. Watoto walijaa kwenye ua. Mama mmoja mzee aliyekuwa anapita na unga kichwani alisimama nje ya uzio, hakuona kitu, akasikiliza kwa muda.

“Papa,” aliita, “kilo moja munasaga franka ngapi?”

Fundi alifunga gesi na kwenda kumfungulia mlango.