Kinanda cha Mdomo cha Marehemu Baba



Wapendwa wanaparokia, juma hili mtuwie radhi tukianzia nyumbani kwetu. Siku tuliyoanua matanga ya baba, sisi watoto wake wanne tulikuta ndani ya kopo la kahawa kinanda kidogo cha mdomo. Hakikuwa na jina wala herufi. Bamba lake la juu lilikwisha kusuguliwa na vidole likabaki tupu. Wala hatukupata kumsikia baba akikipiga, hata siku moja.

Tulikipuliza kwa zamu kuanzia tundu la 1, tukitafuta do, re, mi. Baada ya mi tukaikosa fa; mbele kidogo tukaikosa na la. Tukahukumu kwamba ni kibovu, nusura tuwape wajukuu wakichezee.

Tulikosea. Vinanda vya namna hii, vyenye matundu 10 na vijilimi 20 vya madini, havina fa wala la upande wa kushoto, na ndivyo vilivyokusudiwa: sauti za chini zimepangwa ili matundu matatu yakipulizwa pamoja yapatane na kumsindikiza mwimbaji. Ngazi kamili huanzia tundu la 4. Hapo unapuliza do, unavuta re. La 5 unapuliza mi, unavuta fa. La 6 unapuliza so, unavuta la. Kwenye tundu la 7 utaratibu hugeuka: ti huvutwa kwanza, ndipo do ipulizwe. Hapo sote tulijikwaa, na mdogo wetu, ambaye hajapata kuimba kwaya maishani mwake, ndiye aliyepita wa kwanza.

Kuujua ufunguo wake kulikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Tulipuliza tundu la 4, tukaitafuta sauti hiyohiyo kwenye kinanda cha kwaya. Tuliipata kwenye kibonyezo cheupe cha tano, tukihesabu kutoka C ya katikati: ni G. Wanakwaya wataelewa; ndiyo ile "Do ni G" iandikwayo juu ya karatasi zao.

Lakini fa ya tundu la 5 ilikuwa imeshuka, yasikika kama mtu aliyechoka. Mara nyingi kijilimi hushuka hivyo kwa kupigwa mno, miaka mingi. Basi baba alikuwa akikipiga, tena sana. Tulipomwuliza mama, alinyamaza kitambo.

"Zamani hizo, kabla yenu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Fundi aweza kukwangua kidogo ncha ya kijilimi, na fa ikapanda. Kaka yetu mkubwa ataka tufanye hivyo, mama hataki. Kwa sasa, tukifika hapo, tunavuta taratibu.